Chatu wa Zulia na Elimu ya Joto

Kabla binadamu hajapata kumjengea chatu wa zulia nyumba ya kioo, chatu huyo alikwisha kuingia katika nyumba ya binadamu na kukaa humo miaka mingi, bila ya kualikwa na bila ya kulipa kodi nyingine ila ya panya. Katika Queensland na upande wa kaskazini wa New South Wales, huko Australia, walowezi wa karne ya 19 walipokwisha kufyeka misitu wakapanda mahindi na miwa, wakajenga maghala ya mbao yenye mapaa ya bati, panya waliifuata nafaka ndani, na nyuma ya panya akaingia nyoka wa mita mbili hadi tatu, mara chache mita nne, mwenye madoa ya manjano, ya hudhurungi na ya kijivu yaliyofumana ubavuni mwake kama nakshi za zulia la Uajemi, na kwa madoa hayo wakampa jina. Sumu hana. Hulikamata windo kwa meno, hulizungushia pindi za mwili wake, hulibana mpaka mapigo ya moyo yakome, kisha hulimeza zima kuanzia kichwani. Na akisha kushiba hupanda juu ya boriti chini ya bati, mahali panapopata jua mchana kutwa, akalala hapo siku nyingi.

Ningependa msomaji alishike jambo hilo la bati na jua, kwani historia ya kumfuga mnyama huyu, nionavyo mimi, ni historia ya watu kujifunza polepole, na kwa hasara ya roho nyingi za wanyama, jambo ambalo nyoka wa juu ya boriti alikuwa akilijua tangu mwanzo: wapi pa kulipata joto, na wakati gani wa kuliacha.

Insafu yataka tuwataje kwanza wale waliomjua kwanza. Wenyeji wa asili wa Australia walikuwa wakiishi pamoja na chatu huyu maelfu ya miaka kabla ya merikebu za Waingereza kutia nanga Sydney mwaka 1788. Walimwinda wakala nyama yake, na wakati huo huo wakampa cheo kikubwa katika masimulizi yao. Wanoongar wa pembe ya kusini-magharibi wanamhadithia Waugal, nyoka mkubwa aliyechimba mito kwa kupita kwake na ambaye hata leo ndiye mlinzi wa maji ya chemchemi, na wengi wao humwona katika sura ya chatu wa zulia. Katika pwani ya mashariki, kandokando ya Ghuba ya Moreton, jina lake ni Kabul, na mji wa Caboolture ulioko kaskazini ya Brisbane umelirithi jina hilo. Msomaji aliyepata kuwaona Bayeye wa Usukumani wakicheza ngoma huku chatu amewalalia mabegani hatastaajabu kuona mnyama mmoja akiogopwa, akiheshimiwa na kushikwa kwa mikono na watu wale wale.

Elimu ya vitabuni ilikuja kwa njia ya mbali. Mwaka 1804 Mfaransa Lacépède, mtu ambaye hakupata kutia mguu Australia, alimwandika chatu huyu akiwa Paris, na nusu ya jina la Kilatini alilompa, spilota, imebaki hadi sasa. Ilipita zaidi ya miaka sitini kabla ya mtu aliyeishi katika nchi yenyewe kuwatungia walowezi kitabu cha kuaminika, naye alikuwa Gerard Krefft, Mjerumani kwa kuzaliwa, mwangalizi wa makumbusho ya Sydney, aliyetoa mwaka 1869 kitabu juu ya nyoka wa Australia chenye michoro ya Harriet Scott na dada yake Helena, michoro ambayo kwa uhakika na uzuri wake yatosha peke yake kukihifadhi kitabu hicho. Krefft alikusudia kumwezesha mkulima kupambanua nyoka wa kumkimbia na nyoka wa kumwacha, jambo ambalo katika nchi yenye nyoka wa sumu kali wengi hivyo lilikuwa sadaka kubwa kwa umma. Malipo yake hayakulingana na sadaka hiyo: mwaka 1874 aligombana na wadhamini wa makumbusho, akakataa kuondoka, basi wakakodi watu wenye nguvu wakambeba nje pamoja na kiti alichokikalia.

Mkulima, kwa upande wake, hakuwa akingoja kitabu. Desturi ilikwisha kuingia mashambani kuwa nyoka mwingine yeyote akionekana apigwe kwa sepetu, walakini chatu wa ghalani aachwe; na wako waliokwenda mbali zaidi, wakimkuta chatu njiani humtia guniani na kumfungulia penye magunia ya mahindi. Ili kufahamu thamani ya mpangaji huyo yafaa kukumbuka panya walivyowatesa watu wa mashamba ya miwa. Mnamo miaka ya 1933 na 1934 wilaya ya Ingham, katika Queensland ya kaskazini, ilipatwa na ugonjwa wa Weil, homa kali ambayo vijidudu vyake hutoka katika mkojo wa panya, hukaa katika maji na tope la shambani, kisha huingia mwilini mwa mkata miwa kwa michubuko ya mikono na miguu. Ugonjwa ukaua watu, na mwaka 1935 wakata miwa wakagoma kazi wakidai kila shamba lichomwe moto kwanza ndipo likatwe. Chatu hakuwa na uwezo wa kuumaliza msiba wa namna hiyo, wala sisemi hivyo. Lakini mtu aliyemzika mwenzake kwa sababu ya panya hutazama kwa jicho jingine kiumbe kinachoshinda na kulala kikimvizia panya.

Hata hivyo tusiyapambe mambo. Mapatano ya ghalani hayakuwa malezi. Hakuna aliyejua kama chatu wake mzima au mgonjwa, hakuna aliyemhesabia siku za kula, na siku aliyoacha panya akaingia katika banda la kuku, mapatano yalivunjika kwa sepetu ile ile. Nyoka alisitawi kwa kuwa mambo ya maisha yake, na joto likiwa la kwanza, yalibaki mikononi mwake mwenyewe.

Ulaya mambo yalikwenda kinyume. Nyoka wa nchi za jua waliletwa na mabaharia ndani ya masanduku na mapipa, wakauzwa kwa watu wa tijara ya wanyama kama Charles Jamrach wa London, ambaye duka lake lilikuwa karibu na magati, na wengi wao hawakuuona mwisho wa majira ya baridi. Mwaka 1849 Jumuiya ya Elimu ya Wanyama ya London ilifungua katika bustani yake nyumba ya nyoka na mijusi ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake ulimwenguni, na katika jitihada za kuwakinga nyoka wakubwa na baridi waangalizi waliwapa mablanketi. Kwa kiumbe mwenye damu ya moto hiyo ni huruma tupu. Lakini blanketi halizai joto, huhifadhi tu joto la aliyejifunika, na nyoka aliyelala kizimbani hana joto lake mwenyewe la kuhifadhiwa. Karibu na katikati ya karne hiyo nyoka mmoja mkubwa wa bustani hiyo alilimeza blanketi lake lote, akakaa nalo tumboni majuma kadhaa, kisha akalitapika, na habari hiyo ikaenea katika maandishi ya zama zile kwa mshangao na kicheko juu ya upumbavu wa mnyama. Mimi siuoni upumbavu huo. Meno ya nyoka wa jamii hii yamepinda kuelekea kooni, na kilichonaswa na meno hayo, kiwe sungura au sufu, hakina njia nyepesi ila ya kwenda mbele. Wa kuchekwa, ikiwa lazima mtu achekwe, ni yule aliyemtandikia mla nyama kitanda cha mgonjwa.

Miaka michache kabla ya hapo Paris ilikuwa na mabishano yake, nayo yanastahili kusimuliwa kwa kituo, kwa kuwa ndiyo yaliyofungua mlango wa elimu hii. Mwaka 1832 msafiri Lamarre-Picquot, aliyekuwa ametoka India, aliwaeleza wanazuoni wa Kifaransa kwamba chatu jike wa huko, akisha kutaga, hujizungusha juu ya mayai yake na kuyatia joto la mwili wake mpaka yaanguliwe. Wakubwa wa elimu walimkatalia. Kwao ilikuwa kanuni isiyopingwa kuwa mnyama wa damu baridi huchukua joto kwa hewa na ardhi, hana la kumpa mwingine, na neno la msafiri aliyeyasikia hayo kwa watu wa vijijini halikuwa na uzito wa kuipindua kanuni. Ikapita kiasi cha miaka tisa. Mwezi wa Mei 1841 chatu jike wa Asia alitaga mayai katika bustani ya Jardin des Plantes, papo hapo Paris, akayakusanya, akajiviringisha juu yake pindi juu ya pindi na kichwa akakilaza kileleni. Na mwanazuoni Achille Valenciennes, badala ya kubishana, akachukua kipimajoto, akakipenyeza katikati ya pindi zile, akakisoma siku baada ya siku katika muda wa miezi miwili. Joto lilikuwapo, nalo lilizidi la hewa ya chumba kwa kiasi kisichoweza kukanushwa. Mama yule hakula chakula muda wote wa kuatamia, alikunywa maji tu.

Namna joto hilo linavyopatikana ilithibitishwa baada ya zaidi ya karne nzima, pale wataalamu Hutchison, Dowling na Vinegar walipotangaza mwaka 1966 uchunguzi wao juu ya chatu jike aliyeatamia New York: misuli yake hukazana na kulegea kwa mikikimkiki midogo, tuseme hutetemeka kwa makusudi, na kadiri hewa inavyozidi kupoa ndivyo mitetemeko inavyozidi na pumzi inavyotumika kwa wingi. Mwaka 1984 Harlow na Grigg walionyesha kuwa ndivyo afanyavyo pia chatu almasi, ndugu mweusi mwenye vitone vya manjano wa chatu wa zulia, akaaye pwani ya Sydney na kusini yake. Na baada ya muda mfupi David Slip na Richard Shine waliwafuata chatu hao porini, wakiwa wamewatia ndani ya mwili vyombo vidogo vya redio, wakaona mama mwenye mayai akiudumisha mwili wake karibu na digrii 31 katika misitu ambayo usiku wake una baridi. Msafiri wa mwaka 1832 alikuwa amesema kweli.

Mtu aliyeyageuza maarifa ya joto kuwa jengo ni Joan Beauchamp Procter, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1897, aliyekuwa mwangalizi wa nyoka na mijusi katika bustani ya London tangu 1923, na aliyefariki mwaka 1931 akiwa na umri wa miaka 34 baada ya kuugua muda mrefu. Nyumba mpya ya nyoka iliyojengwa kwa mashauri yake ikafunguliwa mwaka 1927 iliacha ile fikra ya kulipasha moto jumba zima kwa kiasi kimoja. Ilitumia umeme kutia joto mahali mahali, ili ndani ya kizimba kimoja pawe na pembe ya moto na pembe ya baridi, mnyama ahame kutoka hii kwenda ile kama apendavyo, na tena iliwekwa vioo vinavyopitisha ile mionzi ya jua ambayo vioo vya madirishani huizuia. Mtu akiitazama nyumba hiyo kwa macho ya leo ataona jambo la kawaida. Mimi naona kuwa hapo ndipo mfugaji alipokiri, kwa mara ya kwanza na kwa matofali, kuwa nyoka ana rai yake katika suala la joto na kwamba rai hiyo huwa sahihi kuliko ya mwenye nyumba.

Huko Australia kwenyewe kumshika nyoka hadharani kulianza kama mchezo wa kutafutia riziki. Penye kituo cha mwisho cha tramu cha La Perouse, kusini ya Sydney, tangu kumalizika kwa karne ya 19 watu walizoea kwenda Jumapili kutazama wacheza na nyoka. Wa kwanza katika waliovuma ni Frederick Fox, aliyejiita profesa, aliyekuwa akitangaza dawa yake ya sumu kwa kuumwa mbele ya watu, na akafariki India mwaka 1914 katika kuitangaza dawa hiyo hiyo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza uwanja ulikuwa wa George Cann, ambaye mkewe Essie alicheza na nyoka kwa jina la Cleopatra, na mwishoni mwa miaka ya 1930 bustani ya wanyama ya Taronga ilimchukua Cann kuwa mwangalizi wa nyoka wake. Wanawe wakaushika uwanja baada yake, na mdogo wao, John, akaendelea mpaka mwaka 2010. Watazamaji walikuja kwa ajili ya nyoka wa sumu, na pesa zilizotupwa uwanjani zilikuwa bei ya hofu. Chatu hakuwa na hofu ya kuuza. Hata Eric Worrell, aliyeanzisha bustani ya nyoka karibu na Gosford mwaka 1959 na aliyewapatia watengeneza dawa sumu kwa miaka mingi, alijulikana katika nchi nzima kwa sumu aliyoikamua, na chatu wake walikula kwa jasho la wenzao.

Kwa hiyo chatu wa zulia aliingia katika nyumba za watu wa kawaida bila ya sauti kubwa, akichukuliwa na vijana waliomwokota msituni au waliopewa na mkulima, na sehemu kubwa ya maarifa ya kumlea ilipatikana kwa kukosea. Wengine walimweka katika sanduku lenye balbu ya taa ndani yake, naye akaizungukia balbu hiyo usiku wa baridi akaungua tumbo, kwani ngozi ya nyoka haimwonyi kwa haraka juu ya kitu kinachochoma kidogo kidogo. Ndipo wakajifunza kuizungushia taa wavu, au kuweka kitanda cha moto chini ya sakafu pamoja na kidhibiti cha kukata umeme joto likipita kiasi. Wengine walimtupia panya hai wakaenda zao, wakarudi asubuhi wakakuta panya ameutafuna mgongo wa nyoka asiyekuwa na njaa. Ndipo ikawa kanuni kumlisha panya aliyekufa, aliyegandishwa barafu kisha akayeyushwa na kupashwa moto kidogo, anayetolewa kwa koleo refu. Kupashwa moto huko kuna maana yake: midomoni mwa chatu huyu mna vishimo vidogo vinavyopokea joto la mbali, na gizani huliona windo kwa joto lake, hata panya baridi huenda asihesabiwe kuwa chakula, na mkono wenye joto usiotumia koleo huenda ukahesabiwa.

Aliyezoea kumlea hupanga kizimba kwa utulivu. Upande mmoja huuweka katika digrii 30 hadi 32, upande wa pili kiasi cha 24 hadi 26; huweka tawi imara la kupandia, maana huyu ni nyoka wa miti, na sanduku la kujificha kila upande ili mnyama asilazimike kuchagua baina ya joto na usalama; na chombo cha maji ambacho hubadilishwa kila siku. Mdogo hula kila baada ya siku saba, mkubwa kila baada ya majuma mawili au zaidi. Macho yakifunga ukungu wa samawati na ngozi ikififia, mfugaji hujua kuwa siku za kujivua gamba zimekaribia, naye humwacha, kwani katika siku hizo nyoka haoni vyema na huuma kwa wasiwasi. Gamba likitoka hulitandaza mezani, akatafuta kwanza vile vijiwambo viwili vya macho, kwa kuwa kijiwambo kilichosalia juu ya jicho hualika maradhi. Hukagua pia utitiri, vijidudu vyeusi vidogo vinavyojificha chini ya magamba ya kidevu na kuzama katika chombo cha maji. Na madume wawili hawawekwi pamoja, hususan wale wa pwani ya kaskazini-mashariki, ambao katika majira ya kupandana hupigana kwa kusokotana na kuumana. Ilhali madume wa chatu almasi huweza kumzunguka jike mmoja kadhaa kwa pamoja bila ya vita.

Huyo chatu almasi ndiye aliyewafundisha wafugaji somo la mwisho, nalo lilikuwa chungu. Baada ya kuhangaika zaidi ya karne kutafuta njia za kumtia nyoka joto, walifika wakati ambapo umeme ulilitoa joto bila kikomo, mchana na usiku, wakati wa kiangazi na wa kipupwe, na chatu almasi waliolelewa hivyo wakasitawi haraka, wakanona, kisha baada ya miaka michache wakaanza kudhoofu: kula kukapungua, misuli ikalegea, mifupa ikawa myepesi kuvunjika. Wafugaji wengi wameshika rai kuwa ni joto lililozidi. Uchunguzi wa Slip na Shine unaitilia nguvu rai hiyo, maana chatu wa redio walionekana wakiota jua muda wa asubuhi, kisha wakijikunja kwa kubana ili lile joto lisitoke upesi, wakabaki hivyo pale pale wakimvizia mpita njia. Saa chache za joto kila siku ziliwatosha. Leo anayemlea almasi humwashia taa kwa muda mfupi mchana, huizima, na katika miezi ya baridi humwacha apoe.

Sheria ilikuja kwa mlango wake. Kwa muda mrefu nyoka alikuwa nje ya hifadhi, yeyote akiweza kumuua au kumwokota; mwaka 1974 New South Wales ilitunga sheria ya hifadhi na wanyamapori iliyowatia nyoka na mijusi katika ulinzi, na majimbo mengine yakafanya yao katika miaka ile. Taathira yake ya kwanza ilikuwa ya ajabu kidogo: watu waliowalea chatu kwa mapenzi miaka mingi waliamka wakiwa wahalifu, wakafunga mapazia na kunyamaza, na maarifa yao yakafichika pamoja nao. Ilichukua hadi miaka ya 1990 kwa jimbo hilo kufungua njia ya leseni kwa watu wa kawaida, kwa sharti mnyama awe amezaliwa kizimbani, anunuliwe kwa mwenye leseni, na daftari liandikwe kila anapoingia au kutoka, anapozaa au kufa. Chatu wa zulia amewekwa katika daraja la wanaoanza. Ng'ambo ya bahari, New Zealand haimruhusu nyoka yeyote, hata katika bustani za wanyama, na sioni kuwa ina makosa, kwani ndege wake wengi hawakuumbwa kumjua nyoka.

Kuwatoa nje wanyama hai wa Australia kwa biashara kumekatazwa kwa miongo mingi, na mapatano ya kimataifa ya CITES yamewaandika chatu wote wa dunia katika jedwali lake la pili au la kwanza. Walakini chatu wa zulia wako tele Ulaya na Marekani, vizazi kwa vizazi vya mababu waliotoka zamani, pamoja na wale wa upande wa Kiindonesia wa kisiwa cha New Guinea, ambako sheria ni nyingine. Huko Ulaya, katika miaka ya 1990, alizaliwa kizimbani chatu wa pwani mwenye rangi ya dhahabu na madoa yaliyopunguka, wafugaji wakamwita jagwa, na bei yake ikapanda. Muda si mrefu ikadhihirika kuwa wengi wa ukoo huo hutikisa kichwa, hupinduka na kupoteza mwelekeo, na kwamba wakipandishwa wawili wenye alama hiyo baadhi ya watoto hutoka weupe pe na hufa yaini au mara baada ya kuanguliwa. Wangali wanauzwa. Sina neno la upole juu ya tijara hiyo: mnyama aliyeshinda msitu, ghala na balbu ya taa amepewa ulemavu kwa ajili ya rangi ya ngozi.

Na nchini kwake ile nyumba ya bati haijafungwa. Brisbane imekua mpaka imeumeza msitu, na chatu wa zulia wamebaki ndani yake. Wanaishi juu ya dari, ndani ya vibanda vya bustani, na katika mapergola yenye mizabibu. Mwaka 2001 Shine na wenzake walitangaza uchunguzi juu ya chatu waliokuwa wakikamatwa katika nyumba za watu wa kusini-mashariki ya Queensland, na matumbo yao yakasimulia maisha ya mtaa: wadogo walikuwa wamekula panya na ndege, wakubwa walikuwa wamepanda daraja wakala kuku, posamu na paka wa jirani. Mwenye nyumba aliyekosa usingizi kwa mkwaruzo wa dari humpigia simu mkamataji mwenye kibali, naye hupanda ngazi, humtoa nyoka kwa ndoana na mfuko, kisha humfungulia katika msitu usio mbali na hapo, naye aghalabu hurejea kwenye makazi anayoyajua. Mwenye nyumba huyo huyo akitamani kumfuga hawezi kumchukua yule wa darini. Sheria yamtaka alipe leseni, alipe mnyama wa kizimbani, kasha la kioo, taa, kidhibiti na panya wa barafu, na kila mwezi alipe umeme wa kumpatia nyoka wa chini kile anachokipata bure yule wa juu.